Mwongozo wa Kuwa Meneja na Prodyuza wa Bendi ya Roki Jijini Nairobi

Ni nadra bendi ya roki jijini Nairobi kupata fedha za kuwalipa watu wawili, mmoja asimamie shughuli zake na mwingine asimamie sauti yake studioni. Ndiyo maana kazi zote mbili huishia mikononi mwa mtu mmoja: rafiki mwenye kompyuta nzuri, mpiga besi wa zamani aliyechoka kubeba vifaa, au shabiki mwenye gari. Mwongozo huu ni wa mtu huyo, na unaanzia siku ile bendi ilipomwambia, "Tusaidie kidogo tu."

Kabla ya hatua yoyote, ifahamike kwamba kazi hizi mbili hazipatani. Meneja huuliza jambo litagharimu kiasi gani na litaisha lini, ilhali prodyuza huuliza kama wimbo umefika unapopaswa kufika, na jibu la swali hilo halina saa wala bajeti. Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa The Animals, alimsikia mpiga gitaa Jimi Hendrix jijini New York mwaka 1966, akampeleka London mwezi wa Septemba mwaka huo huo, na akauza magitaa yake ya besi ili kugharimia kurekodi. Akiwa meneja na prodyuza kwa pamoja, alisimamia albamu mbili za mwanzo, zote za mwaka 1967. Katika albamu ya tatu, mwaka 1968, alijiondoa, kwa kuwa alikuwa amechoshwa na kurudiwarudiwa kwa wimbo mmoja na wapambe waliojaa studioni. Hakushindwa kwa kukosa ujuzi. Mtu mmoja alikuwa akijaribu kujibu maswali mawili kwa wakati mmoja. Takriban kila hatua iliyo hapa chini imekusudiwa kuyatenganisha maswali hayo.

Hatua ya kwanza: Isikilize bendi kabla ya kuahidi lolote

Hudhuria mazoezi matatu bila kutoa maoni. La kwanza watakupigia nyimbo zao bora, la pili watachoka kujionyesha, na la tatu utaona nani huchelewa, nani hununa akikosolewa na nani huamua kimyakimya. Chunguza nani hutunga nyimbo, nani anamiliki vifaa, na nani ana kazi ya kuajiriwa ambayo haitamruhusu kusafiri siku ya Ijumaa.

Mchunguze mpiga ngoma kuliko wote. Nairobi ina wapiga gitaa wengi, lakini wapiga ngoma wanaoweza kubeba uzito wa roki ni wachache, na wengi wao walijifunza kanisani, mahali ambapo ngoma kamili hupatikana bila malipo. Mpiga ngoma wa namna hiyo huwa na ibada kila Jumapili asubuhi na pengine bendi nyingine mbili anazozitumikia kwa malipo. Hilo si kosa lake hata kidogo, ila ratiba yako yote itajengwa juu ya ratiba yake, na ni afadhali uijue kabla hujakubali onyesho la usiku wa Jumamosi nje ya mji.

Usitishwe na uchache wa uzoefu wako. Andrew Loog Oldham alikuwa na umri wa miaka 19 alipoanza kuwasimamia Rolling Stones mwaka 1963, na aliwarekodi akiwa hana uzoefu wa studio. Alichokuwa nacho ni sikio, ujasiri na unyenyekevu wa kumwachia fundi wa mitambo kazi ya fundi.

Hatua ya pili: Andikeni mkataba, au tuseme mikataba miwili

Hapa ndipo watu huona haya, na hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika baadaye. Andaeni karatasi mbili zilizo tofauti kabisa, moja ya umeneja na nyingine ya uprodyuza, hata kama zote zitatiwa sahihi siku moja juu ya meza moja. Kwa njia hiyo, bendi ikitaka prodyuza mwingine kwa albamu ijayo haitalazimika kumfukuza meneja.

Mkataba wa umeneja utaje muda, na kwa maoni yangu mwaka mmoja unaoweza kurefushwa unatosha kwa kuanzia. Utaje kamisheni. Desturi ya biashara hii duniani ni kati ya asilimia 15 na 20, ingawa Brian Epstein alifikia asilimia 25 kwa Beatles. Utaje pia kama asilimia hiyo inahesabiwa kabla au baada ya kutoa gharama, kwa maana tofauti yake ni kubwa kama tutakavyoona. Mwisho, utaje kitakachofuata mkiachana: je, meneja ataendelea kupata kamisheni kutokana na onyesho aliloliafiki kabla ya kuondoka, na kwa miezi mingapi?

Mkataba wa uprodyuza una jambo moja zito zaidi ya mengine yote. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humhesabu kuwa mwenye rekodi ya sauti yule aliyefanya mipango ya kurekodiwa kwake. Ikiwa wewe ndiwe uliyelipia studio, ukawaita mafundi na kupanga siku, bendi inaweza kugundua miaka mitano baadaye kwamba rekodi zile si zake bali ni zako. Huenda hukukusudia hivyo, na huenda ulikusudia. Vyovyote iwavyo, liandikwe: nani anamiliki rekodi, aliyetoa fedha atarudishiwa kutoka mapato yapi, na umiliki utahamia kwa bendi lini. Uhamisho wa hakimiliki hautambuliwi kwa ahadi ya mdomo. Ni lazima uwe wa maandishi yenye sahihi ya anayehamisha.

Karatasi ya tatu ni fupi, nayo ni ya mgao wa utunzi. Bendi za roki hutunga kwa kupigapiga pamoja mpaka wimbo uzuke, na kwa hiyo kila mmoja huamini kwa moyo safi kwamba wimbo ni wake. Siku wimbo unapokamilika, kabla ya watu kurudi nyumbani, andikeni asilimia za kila mtu, zifike 100, kisha kila mmoja atie sahihi. Kama mchango wako wa prodyuza ulikuwa ni kupanga sauti tu, usijiandikie sehemu ya utunzi.

Kabla ya kutia sahihi, iulize bendi kama imewahi kumsainia mtu mwingine karatasi yoyote. Hendrix alisaini mkataba mwezi wa Oktoba mwaka 1965 kwa dola 1 na mrabaha wa asilimia 1, kisha akausahau. Alipopata umaarufu, karatasi ile iliwaletea yeye na wasimamizi wake kesi iliyowagharimu sana.

Jina la bendi nalo lisiachwe wazi. Linaweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara katika Taasisi ya Mali za Viwanda ya Kenya, KIPI, kwa miaka 10 inayoweza kurefushwa. Lisajiliwe kwa niaba ya bendi, wala si kwa jina lako.

Hatua ya tatu: Fungua mlango mmoja wa fedha

Sajili jina la biashara la bendi kupitia eCitizen, pata PIN ya KRA, fungua akaunti ya benki yenye watia sahihi wawili, na uombe nambari ya tili ili fedha za tiketi na fulana zisiingie katika simu ya mtu binafsi. Fedha zikipita katika M-Pesa yako hata mara moja, utatumia muda mrefu kueleza kuliko uliotumia kuzipokea.

Chukua mfano wa onyesho linalolipa shilingi 60,000, ambalo usafiri, kukodi ngoma, chakula na fundi wa sauti vimekula 20,000. Zimebaki 40,000. Kamisheni ya asilimia 15 ikihesabiwa baada ya gharama ni 6,000; ukitenga 4,000 za mfuko wa bendi, wanamuziki wanne watapata 7,500 kila mmoja. Kamisheni hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya 60,000 inakuwa 9,000, na kila mwanamuziki anarudi nyumbani na 6,750. Bendi changa haina budi kuhesabiwa baada ya gharama, la sivyo yatakuwapo maonyesho ambayo meneja peke yake ndiye atakayelipwa. Kumbuka pia kwamba kampuni nyingi zitakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kabla ya kukulipa. Dai cheti chake, kwa kuwa kodi hiyo huhesabiwa katika ritani ya mwaka.

Tuma hesabu ya kila onyesho kwa bendi nzima ndani ya siku tatu, pamoja na picha za risiti, hata kama hakuna aliyeuliza.

Hatua ya nne: Maliza kazi ya studio kabla ya kufika studio

Kazi kubwa ya prodyuza wa roki hufanyika katika chumba cha mazoezi, mahali ambapo saa ni ya bei nafuu. Rekodi kila wimbo kwa simu, usikilize ukiwa peke yako siku inayofuata, kisha urudi na mambo mawili au matatu tu. Mara nyingi mambo hayo ni yale yale: utangulizi ni mrefu mno, kasi inapanda kila kiitikio kinapofika, na gitaa mbili zinapiga kitu kimoja katika kimo kimoja hadi mwimbaji anazama. Mwambie mpiga gitaa wa pili apande juu ya shingo ya gitaa au anyamaze katika ubeti. Mpiga ngoma na azoee metronomu, yaani mlio unaoshika kasi, wiki nne kabla, asikutane nayo mara ya kwanza kwenye vipokea sauti vya studio.

Kuna jambo ambalo maprodyuza wa roki hapa kwetu hulipuuza, nalo ni Kiswahili chenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na takriban kila neno huishia kwa irabu. Melodi nyingi za roki zilizaliwa katika Kiingereza, lugha yenye maneno mengi ya silabi moja, na hivyo hupenda kutua kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho ya mstari. Mwimbaji anapoimba "nitarudi" na melodi ikainua "di" badala ya "ru", msikilizaji wa Nairobi huhisi kwamba kuna kitu kigeni, hata kama hawezi kukitaja. Suluhisho si kurudi kwa Kiingereza. Sogeza neno nusu pigo mbele, ongeza noti moja fupi mwishoni, au tafuta neno jingine. Jambo hili likitatuliwa mapema, mwimbaji husikika kana kwamba anazungumza na watu wake, na hakuna kifaa cha studio kinachoweza kuleta hali hiyo.

Hatua ya tano: Kurekodi

Studio nyingi za Nairobi zimejengwa kwa ajili ya mwimbaji mmoja kwenye kibanda na biti iliyo tayari katika kompyuta. Zinaweza kuwa nzuri sana kwa kazi hiyo na zisifae kabisa kwa ngoma. Kwa hiyo usiulize kwanza bei ya saa. Uliza kama kuna chumba kinachotosha ngoma kamili, kama wana mikrofoni nane au zaidi zinazoweza kurekodi kwa pamoja kila moja kwenye njia yake, na kama stima ikipotea mitambo hubaki hai kwa muda wa kutosha kuhifadhi kazi. Jibu likiwa hapana, ngoma zirekodiwe kwenye ukumbi wa kukodi kwa siku moja au mbili, kisha besi, gitaa na sauti zimaliziwe katika chumba kidogo kwa gharama nafuu.

Rekodi kwa kiwango cha kidijitali cha biti 24 na kilohertz 48. Anza na ngoma huku gitaa na mwimbaji wakipiga kwa mwongozo tu, kisha besi, kisha gitaa, na sauti mwishoni. Unaporekodi gitaa, pamoja na mikrofoni iliyo mbele ya ampu (kikuza sauti cha gitaa), hifadhi pia sauti safi iliyotoka moja kwa moja kwenye gitaa, ili ukigundua baadaye kwamba ampu ilisikika kama nyuki ndani ya kopo, uweze kuipitisha upya kwenye ampu nyingine bila kumwita mpiga gitaa. Mikrofoni mbili zikisikiliza ngoma moja na sauti yake ikapungua uzito badala ya kuongezeka, zinapingana. Igeuze moja polariti, yaani mwelekeo wa mawimbi yake, au uisogeze.

Sasa yale maswali mawili yanakutana. Kabla ya siku ya kwanza, wewe kama meneja andika bajeti na idadi ya siku, uwape bendi, na muweke ukomo wa kurudia: kwa mfano mara sita kwa wimbo, kisha mnachagua iliyo bora au mnahamia wimbo mwingine. Ukishaingia studioni, usitamke neno fedha. Mwanamuziki anayesikia saa ikihesabiwa hupiga kwa woga, na woga husikika. Kama ukomo umefika, sema tu, "Tumepata, twende wimbo unaofuata." Wapambe wabaki nje, wakiwemo wapenzi na binamu. Hilo liandikwe katika mpango wa siku, ili lisionekane kuwa chuki yako kwa mtu.

Kazi ya kuchanganya sauti mpe mtu mwingine ukiweza. Masikio yaliyosikia wimbo mara 200 hayasikii tena. Ukilazimika kuifanya mwenyewe, kaa wiki nzima bila kuusikiliza, kisha uusikilize kwa spika ndogo za simu, na pia ndani ya matatu yenye besi nzito, dereva akikubali. Matatu itakuonyesha mara moja kama ngoma ya mguu na besi zinagombana. Fanya nakala tatu za mafaili yote, na moja isikae katika jengo la studio.

Hatua ya sita: Sajili, kisha toa

Sajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kupitia sajili yake ya kitaifa ya mtandaoni. Kwa miaka mingi mirabaha imekusanywa na vyama vya aina tatu: MCSK kwa watunzi, PRISK kwa wanaotumbuiza, na KAMP kwa wamiliki wa rekodi. Mwanachama mmoja wa bendi anaweza kuwa na haki katika vyote vitatu, na kosa la kawaida ni kujiunga na kimoja na kudhani kazi imekwisha. Kwa kuwa leseni za vyama hivi hutolewa na KECOBO na zimekuwa na mvutano, hakikisha chama kina leseni halali kabla ya kukikabidhi haki za bendi.

Kwa usambazaji, msambazaji wa kidijitali ataupeleka wimbo Boomplay, Spotify na kwingineko, na kuupa msimbo wa ISRC unaoitambulisha rekodi hiyo, wenye herufi na tarakimu 12. Hifadhi misimbo hiyo. Spotify, iliyoingia Kenya mwezi wa Februari mwaka 2021, hutaka wimbo upendekezwe kwa wahariri wake angalau siku 7 kabla ya kutoka, nami napendelea wiki nne. Tangu mwaka 2024 haiulipi wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12, kwa hiyo usiiwekee bendi matumaini ya kula kutoka huko. Weka nyimbo Skiza pia, huduma ya Safaricom ya miito ya simu, na uchague kipande chenye kiitikio, kwa maana anayepiga simu hatangoja utangulizi wa gitaa.

Redio ni fupi kuieleza. X FM, iliyokuwa ikipiga roki Nairobi mchana na usiku, haipo tena, na kilichobaki ni vipindi vya hapa na pale vya watangazaji wanaoipenda. Watafute hao kwa majina.

Hatua ya saba: Jukwaa

Nairobi imewahi kuwa na bendi za roki kama Murfy's Flaw, Parking Lot Grass, Last Year's Tragedy na Crystal Axis, kwa hiyo wasikilizaji wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni jukwaa lenye vifaa. Alliance Française, Goethe-Institut na Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza ni mahali pa kuanzia kwa maombi rasmi, na maombi hayo hupelekwa miezi kadhaa mapema yakiwa na rekodi mbili, picha moja nzuri na maelezo ya nusu ukurasa. Baa hukubali haraka zaidi, lakini nyingi hufikiria kwamba bendi ni kinanda, mikrofoni mbili na mwimbaji wa harusi. Tuma mchoro wa jukwaa unaoonyesha kila ampu, kila mikrofoni na kila soketi ya umeme, kisha upige simu kuuliza kama umesomwa. Uliza pia kama mwenye ukumbi ana kibali cha kelele, kwa kuwa kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweza kuwafanya maafisa wakazima mitambo katikati ya wimbo.

Usiende bila arbuni ya nusu ya malipo. Niliwahi kuipeleka bendi kwenye hafla ya kampuni moja kwa ahadi tu, kwa kuwa mwandalizi alikuwa mtu mwenye maneno matamu na ofisi yenye zulia. Ankara ile niliifuatilia miezi saba, na mwishowe nililipa nauli ya wanamuziki kutoka mfukoni mwangu. Tangu hapo, arbuni isipoingia siku tano kabla, vifaa havipandi gari.

Fulana zinaweza kuiingizia bendi ya roki fedha zaidi ya tiketi, basi zishughulikieni wenyewe. Upande wa Beatles ulipomwachia mtu mwingine biashara ya bidhaa zenye jina lao, mwanzoni ulibaki na asilimia 10 tu.

Usiufikirie mji huu peke yake. Duma, kundi la hapa Nairobi lenye muziki mkali kupita kiasi, lilitoa albamu mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kupata wasikilizaji wengi Ulaya. Hati za kusafiria za kila mwanachama ziwe tayari kabla mwaliko haujaja.

Hatua ya nane: Kukabidhi

Itafika siku bendi itahitaji prodyuza mwenye chumba kikubwa kuliko chako, au meneja mwenye simu za watu usiowajua. Acha kazi moja kwanza, ile usiyoiweza sana kati ya hizo mbili, na ubaki na nyingine hadi mkataba wake uishe. Siku ya kukabidhi peleka diski yenye mafaili yote ya kurekodia pamoja na nyimbo zilizokamilika, karatasi za mgao, misimbo ya ISRC, nywila za akaunti zote, vyeti vya kodi na taarifa ya benki hadi tarehe hiyo. Mwanachama mmoja wa bendi aifungue diski mbele yako, asikilize faili moja ya kila wimbo, ndipo mtie sahihi.